Chama kikubwa kuliko vyote Mombasa

Hii ni hotuba niliyotoa mtaani kwetu Jumamosi baada ya Alasiri. Wengi mlikuwa kazini, wengine harusini, na wengine nawajua mlikuwa nyumbani mwatazama mpira. Mmeniomba niiandike, basi nimeiandika vile nilivyosema, pamoja na porojo zake. Zile karatasi za mfano nilizokuwa nikiwaonyesha watu nimeziacha nje.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote kwa jumla, manake nikianza kusalimia mmoja mmoja Magharibi itatukuta hapa.

Mama zangu mliokaa hapa mbele kwenye majamvi, baba zangu mlioegemea ukuta, na nyinyi vijana wa boda mliokaa juu ya pikipiki kama watu wanaotaka kuondoka saa yoyote, zimeni injini tafadhali, mafuta yenyewe ghali. Mimi mwanijua. Nimesomesha nusu ya watu walioko hapa na wengine nimewachapa, mnisamehe. Lakini leo sikuja kama mwalimu. Nimekuja kama karani wa kura. 2013 nilikuwa karani, 2017 tena nikaitwa, 2022 nikawa msimamizi wa kituo, yaani yule mama mwenye miwani anayeambiwa kila kitu ni makosa yake. Kwa hivyo mengi nitakayosema nimeyaona kwa macho haya mawili.

Na sikuja kwa niaba ya mtu yeyote. Leo hakuna leso, hakuna unga, hakuna nauli. Kuna mtu nimemuona ameinama kuchungulia chini ya meza. Ndugu yangu, chini ya meza kuna viatu vyangu tu.

Haya, nianze na swali. Nani ataniambia chama kikubwa kuliko vyote hapa Mombasa ni kipi? Sema kwa sauti. Eeh, nasikia ODM. Nasikia UDA. Huko nyuma nani amesema Bandari FC? Hicho si chama bwana, hiyo ni timu, lakini nimekupa alama moja ya ucheshi.

Wote mmekosa. Hebu tukumbukeni 2022. Kura ya gavana hapa kwetu haikupigwa tarehe 9 Agosti pamoja na zingine, mwakumbuka, karatasi zilikuja na makosa, sawa na za Kakamega, ikaahirishwa mpaka tarehe 29. Siku hiyo aliyeshinda alipata kura 119,083. Aliyemfuata akapata elfu tisini na nane na kidogo. Jumlisheni. Ni laki mbili na elfu kumi na saba na kidogo. Sasa daftari la wapiga kura la Mombasa lilikuwa na watu wangapi? Zaidi ya laki sita na arobaini elfu! Hata ukiwatoa wale wachache waliowapigia wagombea wadogo, bado wabaki watu karibu laki nne wenye majina kwenye daftari, wenye vitambulisho mfukoni, ambao siku hiyo hawakufika.

Hao ndio chama kikubwa. Chama cha Waliobaki Nyumbani. Hakina rangi, hakina wimbo, hakina tishati, hakina ofisi. Kingesimamisha mgombea kingeshinda kabla ya saa sita mchana. Lakini hakina mgombea, kwa hivyo kila uchaguzi chashindwa, tena chashindwa vibaya, na wanachama wake ndio wa kwanza kulalamika barazani kwamba hii kaunti haiendi.

Na msidhani ni Mombasa tu. Nchi nzima 2022 daftari lilikuwa na watu 22,120,458. Waliopiga kura ya rais ni milioni kumi na nne na laki tatu hivi. Rais aliyetangazwa alipata 7,176,141. Waliobaki nyumbani walikuwa zaidi ya milioni saba na laki saba. Mwaniskia? Waliolala walikuwa wengi kuliko waliomchagua rais. Na 2013 tulijitokeza asilimia 86 hivi, 2022 tukashuka hadi kama 65. Twapungua. Kila tukienda twapungua.

Sasa mimi nimekaa na watu wa chama hiki, ni majirani zangu, wengine ni wanangu wa kuzaa kabisa, nawapikia na hawapigi kura. Nikiwauliza kwa nini, huniambia mambo ambayo nyote hapa mmeyasikia, na pengine nyote mmeyasema. Leo nataka nijibu.

La kwanza ni hili, "Mwalimu, kura yangu moja itabadilisha nini?"

Twende Lamu. Wangapi hapa wana watu Lamu? Naona mikono. 2017 pale Lamu gavana aliyekuwa kitini, Issa Timamy, alishindwa na Fahim Twaha. Kwa kura ngapi? Haikufika mia mbili! Kaunti nzima, kuanzia Amu, Pate, Faza mpaka Mpeketoni na Witu, tofauti haikufika watu mia mbili. Wale mnaopanda basi kwenda Mokowe mwajua, basi nne zikijaa zabeba watu zaidi ya hao. Yaani watu wa basi nne wangeamka mapema siku ile wakaenda, au wangechelewa wakakosa, hadithi ingekuwa nyingine kwa miaka mitano. Timamy mwenyewe ikabidi angoje mpaka 2022 ndio arudi.

Na hiyo ni gavana. Teremka chini mpaka kwa MCA, mwakilishi wadi. Huyo ndiye anayekaa bunge la kaunti na kupitisha bajeti, na kwenye hiyo bajeti ndimo kulimo maji, takataka, masoko, zahanati, chekechea, na hizi barabara za ndani ambazo tuktuk zikipita mimba zatoka. Kiti cha MCA wakati mwingine huamuliwa na mitaa mitatu. Mtaa huu wetu peke yake, tukiamka sote, twaweza kumpa mtu au kumnyima. Nyinyi mwakaa kugombana usiku kucha juu ya rais, rais, rais, na yule anayewahusu na mtaro unaonuka nyuma ya nyumba yenu hamjui hata jina lake. Nani amjua? Nyoosheni mikono. Naona watano. Watano! Na wawili wenu mwamdai pesa ndio maana mwamjua.

Nilikuwa na kitu kingine cha kusema hapo lakini naona jua laniingia machoni, twende mbele.

La pili. "Wote ni wale wale." Hili husemwa sana na vijana, na wallahi siwalaumu, mimi mwenyewe nimewahi kulisema nikiwa na hasira. Lakini hebu niwape kisa.

Kuna mama mmoja, simtaji jina, wala hakai mtaa huu kwa hivyo msianze kutazamana. Mama wa kukaanga viazi karai na bajia, jioni jioni, nje ya nyumba yake. Wiki kama mbili kabla ya uchaguzi wakaja vijana, wenye heshima zao, wakamwambia mama, sisi twakusanya vitambulisho vya watu wa huku, utapewa shilingi elfu moja, na kitambulisho utarudishiwa baada ya kura. Mama akafikiria, elfu moja ni mafuta ya kukaangia wiki nzima, na si wote ni wale wale? Akatoa. Siku ya kura ikafika, asubuhi akaona wenziwe wote wamejipamba wanatoka, na mwenyewe damu ikamchemka, akaja kituoni kwangu mbiombio na leso yake ina unga wa dengu. Mama, kitambulisho? Hana. Akaniambia lakini mimi mwanijua, si wewe mwalimu wa mwanangu! Namjua. Nimekula bajia zake miaka. Lakini sheria yataka ile hati uliyojiandikishia, na bila hiyo siwezi kumuweka kidole kwenye mashine. Akakaa chini kwenye ngazi za darasa akalia. Si kulia kwa sauti, alikuwa anafuta macho na ile leso, unga ukimpaka usoni.

Mimi kile kisa kimenikaa. Manake jiulizeni. Wale vijana hawakumwambia mpigie fulani. Hawakumuuliza yeye ni wa chama gani. Walitazama mtaa ule, wakajua mtaa ule ukitoka mtu wao anaanguka, basi wakalipa watu wasitoke. Wamelipa pesa taslimu ili mama wa bajia akae nyumbani! Sasa wewe unayekaa nyumbani bure, bila hata hiyo elfu moja, si ndiyo hasara kubwa zaidi? Yule angalau alipata mafuta. (Natania. Ni makosa ya jinai, kuuza na kununua, na anayekuja kuchukua kitambulisho chako kwa lolote lile mfukuzeni.)

Kama wote ni wale wale, kwa nini wengine wanaogopa ukienda na wengine wanaogopa usipoenda?

La tatu ndilo gumu na sitalipita haraka. "Kura zitaibwa tu."

Wazee mlioko ukutani, mwakumbuka mlolongo? Wanatikisa vichwa. Vijana hamjui. 1988, wakati chama kilikuwa kimoja, KANU, mchujo wa wagombea ulifanywa kwa kupanga foleni. Hakuna karatasi, hakuna sanduku. Kila mgombea picha yake imeshikwa na mtu wake, na wewe ukasimame nyuma ya picha, mchana kweupe, chifu akuona, jirani akuona, bosi wako akuona. Halafu vichwa vinahesabiwa. Na mgombea akipata asilimia 70, basi amemaliza, hapingwi tena, hata uchaguzi wenyewe wa siri hauko.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa kibarua bandarini. Siku ile aliamka akavaa shati lake la Ijumaa, jeupe, akaenda akasimama kwenye foleni ndefu. Mimi nilikuwa msichana mkubwa tayari, nilienda kutazama. Foleni ya baba ilitoka uwanjani ikapinda ikazunguka mwembe, na ile nyingine ilikuwa fupi, ungeihesabu kwa dakika mbili. Mtoto wa darasa la kwanza angejua ipi ni ndefu. Basi ikahesabiwa. Na aliyetangazwa ni yule wa foleni fupi.

Mwacheka sasa. Siku ile hakuna aliyecheka. Watu walisimama wakatazamana, na hakuna karatasi ya kuhesabu tena, utaenda kuwahesabu watu upya na wameshaanza kutawanyika? Ushahidi umeshaenda kupika chakula cha mchana. Baba alirudi nyumbani akavua shati akalikunja, hakusema neno. Mama akamuuliza, vipi? Akasema, "Nimehesabiwa, lakini sikuingia hesabuni." Hayo tu. Na mahali fulani kazini kuna mtu alikuwa amemuona alisimama wapi, manake miezi iliyofuata zamu zake zilipungua, lakini hayo ni mengine.

Sasa, baba angekuwa na haki kabisa ya kusema sirudi tena. Si ndiyo? Ameibiwa mbele ya macho yake. Lakini watu wakaendelea kupiga kelele, nchi nzima, mawakili, maaskofu, masheikh, akina mama, wengine wakafungwa, na Disemba 1991 kile kifungu cha 2A cha katiba kilichosema chama ni kimoja kikaondolewa. Tarehe 29 Disemba 1992 tukapiga kura ya vyama vingi. Ya siri. Karatasi mkononi mwako.

Baba alitoka nyumbani saa kumi za usiku. Na lile shati. Mama akamwambia watakuona mwizi wewe, kituo hakijafunguliwa. Akaenda. Alirudi saa nane mchana, amechoka, kidole kina wino, uso umejaa tabasamu ambalo sikuwahi kuliona. Mama akamuuliza, haya, umempigia nani? Akasema, sikwambii. Mama akauliza tena, akasema, sikwambii mwanamke, hii ni siri yangu! Mpaka anakufa hakusema. Tulijaribu kila njia. Tukimtajia majina anatazama dari na kucheka. Yule mzee alikuwa maskini, hakuwa na kitu cha kuficha maishani mwake, na kile ndicho kitu cha kwanza alichomiliki ambacho hakuna bosi wala chifu angeweza kumchungulia.

Kwa hivyo mtu akiniambia kura zitaibwa, simbishii kwamba haijawahi kutokea. Naomba anitazame. Imetokea na mimi nilikuwa chini ya mwembe. Lakini walioifanya iwe ngumu kuibwa ni wale walioibiwa wakarudi.

Na imekuwa ngumu kweli, niwaambieni inavyokwenda siku hizi. Saa kumi na moja jioni yule wa mwisho kwenye foleni anawekewa mtu nyuma yake. Akimaliza huyo, mlango unafungwa, maajenti wa vyama wamo ndani, na masanduku yanamwagwa pale pale darasani, kwenye yale madawati ya watoto. Kila karatasi naiinua juu, nasoma jina, nageuza kulia, nageuza kushoto, kila ajenti aione. Karani anapiga vijiti, vinne na kimoja cha kulala. Tukimaliza twajaza fomu, ile ya rais ndiyo 34A mnayoisikia, nasaini mimi, wanasaini maajenti, na nakala nabandika mlangoni. Mlangoni! Kwa selotepu yangu mwenyewe, manake ya serikali iliisha. Na 2022 zile fomu za rais za nchi nzima, vituo zaidi ya 46,000, ziliwekwa kwenye mtandao, mtu yeyote mwenye simu anafungua anasoma.

Usiku ule nimebandika nakala ile, saa tisa za usiku macho yangu mekundu, nikaona kijana wa boda, mmoja wenu, sijui kama yuko hapa leo, amekuja na simu, akamulika tochi akapiga picha ile fomu. Nikamuuliza ya nini? Akaniambia, "Mwalimu, nalinganisha na ile ya mtandaoni." Nilitaka kumkumbatia lakini ningeonekana nimependelea.

Mwaona tofauti? Baba hakuwa na karatasi ya kulinganisha na kitu. Huyu anayo mfukoni. Na 2017 Mahakama ya Juu ilikaa ikatazama mafomu na jinsi matokeo yalivyopelekwa, na tarehe 1 Septemba ikafuta uchaguzi wa rais wote, ukarudiwa. Uupende au usiupende ule uamuzi, Mombasa hapa tuligawanyika vibaya juu yake, lakini ulitokana na karatasi, na karatasi huwepo kwa sababu kuna mtu aliamka akaenda kuiweka.

Sasa kuna wale wanaosema, basi nitaenda lakini sitampigia yeyote, nitawaandikia ujumbe. Hawa nawaheshimu zaidi kidogo kuliko waliolala, angalau wametembea. Ila niwaambieni ujumbe huenda wapi.

Ile tarehe 29 Agosti, ya gavana peke yake. Siku ilikuwa kimya mpaka karani mmoja akasinzia akaangusha chupa ya wino, mpaka leo lile dawati lina doa la zambarau. Saa mbili usiku twahesabu, hazikuwa nyingi. Nainua, nasoma. Nainua, nasoma. Ikaja moja, naitazama, haina alama kwa mgombea yeyote. Chini yake, kwa biro, herufi kubwa zilizonyooka za mtu aliyesoma vizuri, imeandikwa: MAJI. MIEZI MINNE.

Darasa lote likanyamaza. Kisha ajenti mmoja akasema, huyo ni wetu, mgombea wetu ndiye aliyeahidi maji! Mwenzake akasema wacha wewe, wetu aliahidi kwanza! Wakaanza kugombania kura isiyo ya mtu. Nikawaambia haina alama, imekataliwa. Nikaiweka kwenye rundo la zilizokataliwa, tukaifunga na mpira, ikaingia sandukuni, sanduku likapigwa sili. Mwaka ule kura za rais zilizokataliwa nchi nzima zilipita laki moja, kwa hivyo haikuwa pekee.

Yule mtu, mwanamume au mwanamke sijui, alisimama, alitiwa wino, aliinama kwenye kile kibanda cha kadibodi akaandika shida yake kwa mwandiko mzuri kabisa. Na maji ni kazi ya kaunti, ujumbe wake ulikuwa kwenye karatasi sawa, ya bluu, ya gavana! Lakini waliousoma ni nani? Mimi, makarani wangu, maajenti, na askari wa mlangoni. Gavana hakuuona. Hakuna mtu aliyehesabu kwamba kituo kile kina kiu. Na hata yeye aliyebaki nyumbani na mtungi wake mtupu hakuhesabiwa, tofauti yao ni viatu tu.

Na watu wa siasa wanahesabu, msidanganyike. Baada ya uchaguzi wanachukua yale mafomu, kituo kwa kituo, wanaona mtaa gani ulitoka na mtaa gani ulilala. Mtaa uliolala haumtishi mtu. Ungekuwa wewe na lori moja tu la changarawe, ungelimwaga wapi?

Haya, nimekuwa mrefu, wacha niseme ya kazi haraka haraka.

Uchaguzi ni Jumanne tarehe 10 Agosti 2027. Andika kwenye ukuta. Kama hujajiandikisha au umehama, umetoka Likoni umekuja huku na jina lako liko kule, kalihamishe mapema kabla daftari halijafungwa, usije ukaniambia siku hiyo nauli ya feri hakuna, feri kwa miguu ni bure. Wale mliojiandikisha bara, aidha pangeni safari au hamisheni, manake kila uchaguzi nawaona mmekaa hapa mwatazama TV. Wenye watoto Dubai na Doha, 2022 vilikuwako vituo kule, wanapiga ya rais peke yake, waulizieni ubalozini.

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Ukiwa kwenye foleni saa kumi na moja jioni inapofika, utapiga, hata iwe usiku, asikutoe mtu. Wazee, wajawazito, wenye watoto wachanga, wagonjwa, nyinyi hampangi foleni ndefu, piteni mbele. Asiyeona au asiyejua kusoma aje na mtu anayemuamini, huyo mtu ataapa kutunza siri. Karatasi ni sita, rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake, MCA, na kila moja ina sanduku lenye kifuniko cha rangi yake. Alama moja tu kila karatasi. Msiwaandikie barua!

Na mama zangu wa kazi za mikono, wa kukaanga, wa kufua, wa kukuna nazi. Mashine huenda ikakataa kidole. Nimewaona wengi, anaweka kidole gumba, inakataa, anakipangusa kwa leso, inakataa, anaanza kuona haya anataka kurudi nyumbani. Usirudi! Alama za vidole zimelika kwa kazi, si aibu. Kuna vidole vingine tisa, na vyote vikikataa karani hutafuta kwa nambari ya kitambulisho na kuna utaratibu wake. Kaa hapo mpaka ushughulikiwe.

Wino na udhu, najua mtauliza, kila uchaguzi naulizwa. Muulizeni maalim, yuko pale na kanzu, mimi nimefundisha hesabu.

Mwisho nina ombi kwa hawa wa boda. Kuna mzee mmoja nyumba ya tatu baada ya msikiti, miguu haimbebi, na wako wengine kama yeye nimewaandika hapa, kumi na wanane, wengine wana magongo wengine wamelala tu. Nataka pikipiki na tuktuk za asubuhi hiyo, saa kumi na mbili hadi saa nne, bila malipo na bila bendera ya mgombea yeyote, mtu wa siasa akiwapa mafuta mkatae, sisi wenyewe tutachanga. Nani yuko tayari? Nisimamieni niwaone. Mmoja. Wawili. Wewe wa helmeti nyekundu wasimama au wajinyoosha? Haya, watatu. Saba. Kumi na moja. Karani, andika majina na nambari za simu, na muwaulize kila mmoja kama yeye mwenyewe amejiandikisha, manake nawajua.

Maswali sasa. Yule bwana wa kofia amenyoosha mkono toka nilipotaja Lamu, mpeni maiki.